Jasho la Mawaridi

Mwanga uliingia jikoni bila kupiga hodi. Ulipita kwenye kioo chenye ufa, ukavuka karai, ukapanda mezani, ukalala juu ya mawaridi kama mwenye nyumba. Ndani yake vumbi lilielea, halipandi, halishuki, limesimama hewani kama watu waliofika mahali wakasahau walichofuata.

Na mzee alisimama vivyo hivyo. Shati limefungwa vifungo kombo, kidole kimechomwa na mwiba, kichwa kimejaa maswali yanayogongana kama vyombo ndani ya ndoo. Ua linaingia kwenye chupa kwa mlango gani? Ua ni ua, maji ni maji. Mke wake alivioanisha vipi?

Hakuelewa. Na asichokielewa, alikilaumu.

Ndiyo maana mtaani walimwita Mzee Lawama. Mvua ikikawia, kosa la wakubwa. Mvua ikinyesha, matope ni ya wakubwa. Siku kuku wa jirani alipotaga yai lisilo na ganda, mgane huyu alilishika kiganjani, akaligeuza, akasema kwa uchungu kwamba hata hili wao wanalijua, wamekaa kimya tu. Watu walicheka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Mwenye kucheka alikuwa mke wake, naye hayupo. Na tangu aondoke, lawama zilikosa mtu wa kuzipunguza makali, zikabaki humo ndani, zinakaa kwenye viti, zinalala upande wa pili wa kitanda.

Jana yake, jua likiinama, simu ililia. Alikuwa binti yake, mtoto wao mmoja tu, anapiga kutoka wodini. Sauti nyembamba, uzi unaotafuta tundu la sindano. Mimba ilikuwa inamtesa. Alichokula kilirudi, alichokunywa kilirudi. Walimlaza, wakamtundikia maji ya mshipani, na wodi yenyewe ikazidisha mambo: dawa ya kudekia, mabeseni, shuka zilizolaliwa na wengi. Harufu ikimfika tu, tumbo linapinduka.

"Baba, daktari anasema nisipoanza kushika chakula, mtoto..." Baba alisikia pumzi yake ikipanda na kushuka. Kisha akasema, "Yale maji ya mama. Ya mawaridi. Nikiyawaza tu natulia. Yamebaki?"

"Yapo," alisema baba. "Kesho, saa ya kuona wagonjwa, nayaleta."

Hayakuwapo. Tone la mwisho mke wake alilimalizia kwenye leso, katika hospitali ileile, akiifunika pua wakati anasubiri kuitwa. Chupa ilibaki tupu juu ya kabati, na kizibo chake kilipotea zamani.

Basi kwa nini alisema yapo? Hakuelewa. Mdomo ulitangulia mbio, akili ikafuata nyuma inachechemea.

*

Mwaridi wenyewe ulikuwa nje, umeegemea ukuta wa jikoni kama mtu anayesikiliza mazungumzo ya watu. Mke wake aliupanda kijiti, akaumwagilia maji ya kuoshea vyombo, akausema unapochelewa kuchanua, akausifia unapochanua, hadi ukawa na kiburi, ukaanza kuchungulia dirishani.

Sasa ukutani palikuwa na msalaba mwekundu. Wakubwa wa barabara walikuja na kopo na brashi, wakapiga msalaba, wakaondoka. Mtaro utapita hapo. Mwaridi utang'olewa. Lini? Wakati wowote, walisema. Mzee Lawama alikwenda ofisini kwao kuuliza, akaambiwa akae kwenye benchi, mhusika ametoka. Alikaa. Mhusika alirudi, akaingia kwa mlango wa nyuma, akatoka kwa mlango uleule. Mzee alirudi nyumbani na makalio yenye alama za mbao na swali lilelile aliloondoka nalo.

Na kilichomkereketa kuliko yote ilikuwa rangi ya ule msalaba. Haikukorogwa. Ilichuruzika hadi chini kama pua ya mtoto mwenye mafua. Yeye alikuwa mpiga rangi wa magari tangu ujana wake hadi mgongo ulipokataa; aliinama chini ya milango ya magari ya watu wenye nazo, akapuliza rangi mpaka gari moja likajiona kwenye ubavu wa jingine. Hawa, hata kukuharibia nyumba, wanakuharibia ovyo.

Asubuhi hiyo aliuvuna wote. Alichuma yaliyofunguka na yaliyofumba, makubwa na machanga, akiogopa kuacha hata moja kwa ajili ya mtambo wa kuchimba mtaro. Alipomaliza aliutazama. Mwaridi ulisimama na miiba yake mitupu, umenyolewa, unaona haya.

"Nisamehe," aliuambia, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemsikia.

*

Sufuria aliijua. Ilikuwa ileile kubwa, tako jeusi, tumbo pana. Jiwe alilijua pia, jiwe la mtoni lililo laini kama goti la mtoto, lililokaa rafu ya chini miaka yote na ole wake atakayelitumia kuzuia mlango. Bakuli la chuma lenye maua ubavuni alilijua. Kifuniko chenye mgongo wa duara alikijua. Vyombo vyote alivijua kwa sura, kama unavyowajua watu wa mtaa wako. Ila hakujua vinaongea nini vikikutana.

Maana mke wake hakumtaka jikoni siku ya mawaridi. Alimsimamisha mlangoni. Mikono hiyo ya rangi, alimwambia, ikiingia humu tutanuka gari. Basi yeye alisimama hapo, bega moja ndani, bega moja nje, akaona anachoona. Jiwe linaingia katikati ya sufuria. Bakuli linakaa juu ya jiwe. Petali zinamwagwa kuzunguka, maji yanatiwa yafunike petali yasifike bakulini. Kifuniko kinageuzwa, mgongo unatazama chini, tumbo linatazama juu, na ndani ya tumbo hilo inawekwa barafu.

"Unapika jiwe?" alimtania siku moja.

"Napika jiwe," mke wake alijibu bila kugeuka, "na wewe ndiye utakayekunywa mchuzi wake."

Sasa mzee alicheka peke yake jikoni, akanyamaza ghafla, maana kicheko chenyewe kilimshtua.

Basi akapanga. Jiwe, bakuli, petali, maji. Petali zilikuwa nyingi kuliko sufuria, akaacha zilizobaki kwenye ungo, akazifunika kwa kitambaa chenye unyevu. Barafu aliipata duka la soda, ambako muuzaji alimuuliza kama kuna harusi. Akamjibu kwamba wakubwa wangekuwa wanarekebisha umeme, kila mtu angekuwa na barafu nyumbani kwake. Muuzaji akasema amina.

Aliwasha jiko la mafuta ya taa, akapunguza utambi, akageuza kifuniko, akaiweka barafu humo kama anayemlaza mtoto. Kisha akakaa kwenye kigoda.

Sufuria ilianza kuongea. Mwanzo ilinong'ona. Kisha ikaguna. Kisha ikaingia katika wimbo wa matone, to, to, to, tone likidondoka ndani ya bakuli asiloliona, to, to, kama mtu anayegonga kidogo kidogo mlango wa chumba cha ndani. Barafu ikalia juu, maji yakacheka chini. Mvuke ulichungulia pembeni, ukarudi. Na yeye alikaa, ametega pua, akisubiri harufu ije imshike bega.

Haikuja.

Alisogeza kigoda. Haikuja. Aliinamia sufuria hadi nyusi zikalowa. Hakuna. Jiko lilikuwa na joto, lilikuwa na sauti, lilikuwa na mwanga unaotambaa ukutani, harufu hapana. Tangu alipomzika mke wake nyumba hii haikunukia chochote. Harufu zote zilifungasha zikamfuata. Chai ilikuwa maji ya moto, sabuni ilikuwa jiwe la kuteleza, mvua ilikuwa makelele juu ya bati. Hilo alilikubali, aliona ni haki yake kama mgane, ni nusu ya msiba. Lakini leo? Leo, mawaridi yenyewe ndani ya moto?

Wakubwa, aliwaza. Wametia dawa kwenye maji.

*

Alipofunua, alikuta vitu viwili. Ndani ya bakuli palikuwa na maji maangavu, hayana rangi, hayana hata kivuli cha rangi, mtu angeyaona angedhani ni ya bomba. Chini, kuzunguka jiwe, palikuwa na maji mekundu yanayoelekea kahawia, mazito, na petali zimepauka kama midomo ya mgonjwa.

Alisimama katikati ya viwili hivyo. Alinusa bakuli. Kama kuinamia shimo. Alinusa sufuria. Shimo jingine.

Yapi sasa? Yapi ni ya mke wake?

Chupa ya mke wake ilikuwa ya kioo cha bluu. Ndani yake hata maziwa yangeonekana bluu. Hakuwahi kuona yakimiminwa. Alimwona tu akijipangusa shingo, na shingo ikang'aa. Alijiuliza, akajijibu, akabishana na jibu lake. Mwishowe alifikiri kwa njia pekee aliyofundishwa kufikiri, njia ya gereji. Katika kopo la rangi, aliwaza, kazi inafanywa na kilicho na rangi. Thina ya kuzimulia haina rangi. Inaibeba rangi hadi kwenye bati, kisha inapaa, inakwenda zake, hakuna anayeiuliza. Kisicho na rangi ni cha kumwagwa. Kilichobaki kizito, hicho ndicho mali.

Na maji ya bakulini yalikuwa nini ila jasho la kifuniko? Nani anatunza jasho?

Alilichukua bakuli, akafungua mlango, akayamwaga kizingitini. Yalisambaa juu ya saruji yenye joto, yakang'aa kidogo, yakaondoka.

Kisha akachuja yale mekundu kwa kitambaa, akayamimina polepole, kwa heshima, ndani ya chupa ya bluu.

*

Ng'ambo ya kichochoro kulikuwa na baraza, na barazani kulikuwa na cherehani, na nyuma ya cherehani alikaa jirani waliyemwita Mama Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake. Cherehani hiyo ililia tangu asubuhi hadi jioni. Mtaa uliizoea kama unavyozoea moyo.

Cherehani ikanyamaza.

Mzee Lawama alisikia ule ukimya, akainua kichwa. Mama Sindano alikuwa anavuka kichochoro miguu mitupu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, anatembea kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoiamini. Alipofika kizingitini alisimama. Akashika mwimo wa mlango.

"Mzee, umemwaga nini hapa?"

"Maji. Na kwetu maji hayatoki bombani kila siku, nikimwaga ni yangu."

Hakumjibu ubishi, na hilo halikuwa kawaida yake. Alikaa palepale kwenye kizingiti, juu ya unyevu, akafumba macho. "Nilidhani amerudi," alisema. "Wallahi nilidhani amerudi, yuko nyuma ya pazia anajipangusa."

Uso wa mzee ulikunjamana. Aliona anachezewa. Mtaa mzima umeshazoea kumfanyia mzaha, na leo wameamua mzaha ufike hadi kaburi la mke wake. Alimwambia aache utani wake, hapa hakuna kinachonukia, amekaa na hiyo sufuria asubuhi nzima na haijanukia hata kidogo. Mama Sindano alifumbua macho akamtazama. Akasema kichochoro chote kinanukia, mpaka vitambaa vyake. Mzee akasema uongo. Akasema yenye kunukia, kama yatanukia, ni haya ya chupani, na akamsogezea chupa ya bluu.

Alinusa, akarudisha shingo nyuma. "Hii? Hii ni mboga iliyosahauliwa motoni, mzee. Unampelekea nani?"

"Binti."

"Yule anayetapika?"

Mzee alitazama chupa, akatazama kizingiti kilichokauka. Kitu kilianza kutikisika ndani yake na hakujua ni ukuta gani.

Mama Sindano aliinuka. Aliingia jikoni taratibu, macho yakizunguka, akachukua kutoka pembeni chupa ya mafuta ya kuwashia jiko. Akaifungua. Akamwambia afumbe macho. Kwa uchovu, au kwa kukosa la kufanya, akafumba. Akahisi mdomo wa chupa chini ya pua yake, baridi.

"Hii ni nini?"

Alivuta pumzi. Alivuta tena, kifua kikajaa.

"Maji," alisema. "Ya bomba. Yana ile dawa wanayotia."

Alisubiri kicheko chake. Hakikuja. Alipofumbua macho, Mama Sindano alikuwa anaifunga chupa polepole.

"Ni mafuta ya taa, baba," alisema. Hakuwahi kumwita baba.

*

Ewe pua, uliondoka lini? Uliondoka mchana au wakati wa kulala? Uliaga? Mbona jicho linapotaka kuondoka linatoa ukungu kwanza, sikio linapiga filimbi, goti linalia ngazini. Wewe ulitoka kimya kama mpangaji anayekwepa?

Alikaa kwenye kigoda, mikono juu ya magoti. Aliiona gereji. Aliiona ile bunduki ya rangi mkononi, na wingu likitoka, la bluu, la kijani, la fedha, likimzunguka hadi asione miguu yake. Aliisikia sauti ya msimamizi: barakoa zinakuja. Wiki ijayo zinakuja. Zimeshaagizwa, zinakuja. Walifunga vitambaa usoni, na jioni walipovifungua walipenga makamasi ya rangi ya gari la siku hiyo, wakacheka, wakataja ni gari la nani. Walicheka. Hilo nalo hakulielewa sasa, walikuwa wanacheka nini.

Kwa hiyo pua iliondokea huko. Kabla ya msiba. Lakini kabla kiasi gani?

Maana alikumbuka mke wake akijipangusa shingo na kumsogelea, na yeye akimwambia unanukia. Alikumbuka vizuri. Lakini alichokikumbuka kilikuwa harufu, au kilikuwa shingo? Au ule uso wake unaosubiri kusifiwa? Alipekua kumbukumbu kama mtu anayepekua mifuko yake mbele ya mlango uliofungwa. Shingo alikuwa nayo. Kicheko alikuwa nacho. Harufu, akiishika, inageuka neno tu, neno tupu, waridi, waridi, waridi.

Na kama yeye ndiye aliyefungwa pua, basi nyumba?

Aliuliza kwa sauti ya chini, bila kumtazama jirani. Nyumba hii ina harufu?

Mama Sindano alikunja futi yake ya kupimia, akaikunjua. "Ukifungua kabati lile la nguo zake," alisema, "mimi namsikia mpaka kule barazani. Kila ukifungua. Huwa nasimamisha cherehani kidogo."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mke wake hakuondoka na chochote. Alimwacha yeye, akaacha vyote, kwenye pazia, kwenye mto, kwenye kanga zilizokunjwa, na yeye akapita katikati ya vyote hivyo kila siku akiwalaumu watu kwamba nyumba imekuwa tupu.

Alitaka kuwatukana wakubwa. Alijaza kifua. Msimamizi alistahili, na mwenye gereji, na waliopaswa kuja kukagua wakaja wakanywa chai. Walistahili wote na bado wanastahili. Lakini matusi aliyaacha, kwa sababu saa ya kuona wagonjwa ilikuwa inakuja, na yale yanayonukia alikuwa ameyamwaga kizingitini kwa mkono wake mwenyewe.

"Kuna petali nyingine kwenye ungo," alisema.

*

Mama Sindano hakujua kutengeneza maji ya mawaridi. Alijua kukata, kushona na kusema watu. Lakini alikuwa na pua. Mzee alikuwa na mikono. Wakapatana bila kuandikiana.

Alileta ndoo yake ya maji. Mzee akaosha sufuria, akarudisha jiwe, akarudisha bakuli, akaweka petali zilizobaki, chache, zimeanza kusinyaa pembeni. Barafu ilikuwa kipande tu kinachoteleza. Akageuza kifuniko. Akapunguza utambi hadi moto ukawa kama kope.

Na jirani akakaa karibu na dirisha, kidevu juu, macho yamefumbwa, anamwambia.

Bado, alisema. Bado ni majani. Bado ni mvua tu. Subiri. Sasa. Sasa imeingia.

"Ikoje?"

Alitafuta maneno, yeye asiyewahi kukosa. Alisema imeingia kama mtu aliyevaa viatu vipya, anatembea kwa tahadhari. Kisha akasema imekaa. Kisha akasema, sasa imenishika mkono. Na mzee aliinamisha sikio kwenye matone, to, to, akayaoanisha na maneno ya mwanamke huyu, tone moja neno moja, akijaribu kujenga kichwani kitu kisicho na umbo kwa vitu vyenye sauti. Hakikujengeka. Kilisimama, kikaanguka, kikasimama. Alichanganyikiwa kama anayesikia kwa mara ya kwanza lugha ya watu wake mwenyewe.

"Inapungua," alisema Mama Sindano. "Zima, mzee. Zima sasa hivi, inaanza kurudi mboga."

Alizima. Katika maisha yake hakuwahi kuamrishwa akatii bila kuguna.

Ndani ya bakuli palikuwa na maji kidogo, maangavu, yasiyofika nusu. Jasho la kifuniko. Aliyamwaga yale mekundu, akaisuuza chupa, akayamimina haya ndani yake akiwa amezuia pumzi, kana kwamba pumzi yake ingeyachafua. Akaziba kwa kitambaa alichokikata Mama Sindano na kukizungushia uzi.

*

Aliapa hataingia tena hospitali ile. Aliapa mbele ya watu, siku ya mazishi, na kila mtu alimsikia.

Getini askari aliichukua chupa, akainyanyua juu, akauliza kuna nini humu. Mzee alikuwa na majibu mengi ya kumpa. Alimwambia afungue mwenyewe. Askari alifungua, akasogeza pua, akabaki hivyo kidogo. Akairudisha kwa mikono miwili, akamwambia pita mzee, pita.

Hakuelewa.

Alipita kwenye ukumbi mrefu. Alilipita benchi ambalo mke wake alilikalia akisubiri, huku mashine imeharibika, mwenye kuitengeneza anakuja, njoo wiki ijayo, na wiki ijayo njoo wiki ijayo. Benchi lilikuwa limejaa watu wengine. Miguu yake ilitaka kusimama hapo ampigie mtu kelele. Aliikaza, akaishika chupa kifuani, akaenda.

Binti alikuwa kitanda cha dirishani, amegeukia ukuta. Mkono una sindano, midomo imekauka, na tumbo lililoanza kuonekana limejificha chini ya shuka kama aibu. Beseni lilikuwa karibu. Alipomwona baba yake alijaribu kutabasamu, kisha akaweka kiganja mdomoni.

"Usiongee, mama," alisema mzee.

Alifungua uzi kwa meno. Akamwagia leso, kidogo, akahisi ubaridi vidoleni, ubaridi tu, maji tu. Hofu ilimshika. Kama Mama Sindano alimhurumia tu? Kama hakuna kitu? Alikuwa amebeba chupa ya kitu asichoweza kukishuhudia, kutoka kwenye mwaridi uliomaliza maua yake, kwa mtu ambaye hakuwa na siku nyingine ya kungoja. Alimwekea leso karibu na uso, akamtazama kama mtu anayetazama mlango wa chumba cha upasuaji.

Pua ya binti ilitikisika. Mashavu yakalegea. Kisha kifua kikainuka, taratibu, kikaendelea kuinuka, kikajaa hewa kuliko ambavyo kilijaa kwa siku nyingi, kikasimama juu kabisa, na kikashuka na machozi.

Binti aliivuta leso usoni, akaifunika pua, akashika kidole cha baba yake kwa mkono ule wenye sindano.

Na hapo mzee aliiona. Hakuinusa, aliiona. Mwanamke wa kitanda cha pili aliacha kugeuka-geuka, akainua kichwa kwenye mto. Aliyefuata alikatiza alichokuwa anamwambia mgeni wake, sentensi ikabaki wazi. Bibi wa kule mwisho, aliyekuwa ametazama dari, aligeuza shingo polepole. Harufu ilikuwa inatembea. Ilipita kitanda hadi kitanda, ikifungua paji la uso hapa, ikilegeza bega pale, na yeye aliifuata kwa macho kama mtu anayefuata upepo kwenye shamba, asiuone upepo, aone mimea ikiinama.

Ilimfikia muuguzi mlangoni. Alikuwa na trei, ana haraka, ana uso wa wakubwa. Mzee alijiandaa kwa vita. Muuguzi alisimama katikati ya hatua. Akafumba macho, akavuta pumzi moja, ya mtu aliyekuwa amesimama tangu alfajiri. Kisha akaja hadi kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mtilie na kwenye mto, mzee, itakaa zaidi." Na akaenda.

Mzee alimtilia na kwenye mto.

Baadaye binti aliomba mkate. Kipande kidogo, mkavu. Alikitafuna kwa muda mrefu, macho yamefumbwa, baba yake akihesabu taya zake zinavyokwenda, bila kupumua. Alimeza. Wakasubiri wote wawili, na beseni pia lilisubiri. Hakikurudi. Akaomba kingine.

Mzee alikuwa na mengi ya kuuliza na hakujua amuulize nani. Watu wa kulaumu aliwajua kwa nyuso, kwa vyeo, kwa ofisi. Leo alitafuta wa kushukuru, na hakujua mtu anaanzia wapi. Mdomo wake haukuwa na njia hiyo. Akakaa tu kando ya kitanda, amechanganyikiwa, mwepesi, kama mtu aliyeshushiwa mzigo njiani na watu ambao hawakusimama.

Jua lilishuka hadi kwenye vioo vya dirisha. Mwanga ukaingia wodini, ukavuka beseni, ukapanda kitandani, ukalala juu ya shuka, pale kwenye tumbo. Binti alikuwa amesinzia. Alivuta pumzi, na mwanga ukapanda. Akaitoa, mwanga ukashuka. Ukapanda, ukashuka. Mzee aliutazama, akavuta pumzi nao, akaitoa nao.